Shajara ya mradi: mikoko ya hori ya Tudor na nafasi ya kila mmoja wetu

Shajara hii inafuata kazi ya kikundi chetu cha vijana wa kujitolea wa Mikindani, Mombasa, tangu tulipoanza kupanda mikoko kwenye hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Naiandika kwa ajili ya vikundi vingine vitakavyotaka kuifanya kazi hii, na ndiyo maana nimeeleza kwa urefu yale yaliyotushinda na gharama zake, huku yale yaliyokwenda sawa nikiyagusia tu. Inanibidi pia nijitambulishe, kwa kuwa sehemu ya mradi inanihusu mwenyewe. Mimi ni msichana Mwislamu kutoka Mumias, magharibi mwa Kenya, niliyehamia kwa shangazi yangu baada ya kumaliza kidato cha nne. Mumias ina Waislamu tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipokuwa ikifika katika makao yake, lakini majirani zetu wa kutoka bara bado hushangaa kusikia kwamba Mluhya anaweza kuzaliwa katika Uislamu, na baadhi ya wenyeji wa pwani hunihesabu kuwa mtu wa bara tu. Msikitini nilipokelewa vizuri, ila baada ya swala kila mmoja aliondoka na jamaa zake, nami nikarudi nyumbani peke yangu. Nilipojiunga na kikundi hiki sikuwa na rafiki hata mmoja Mombasa.

13 Novemba 2023: Kupanda kwa mara ya kwanza

Serikali iliitangaza siku hii kuwa mapumziko ya kitaifa ya kupanda miti, ikilenga miche milioni 100 kwa siku moja, katika mpango wa kufikia miti bilioni 15 ifikapo 2032. Misitu ya mikoko ya Kenya iliwekwa chini ya serikali tangu 1932, kwa hiyo mwenyekiti na katibu wetu walikuwa wameshazungumza na maofisa wa Shirika la Huduma za Misitu (KFS) na kuonyeshwa eneo la kupanda. Kikundi kinachoanza kisiiruke hatua hiyo, hata kama mahali penyewe panaonekana hapana mwenyewe.

Tulinunua miche ya aina mbili za mikoko, ule unaoitwa mkoko wenyewe na mkandaa, kwa shilingi 20 kila mmoja, jumla shilingi 6,000 zilizotokana na mchango wa wanachama. Gambuti zilituangusha. Tulikuwa tumenunua jozi chache kwa shilingi 700 kila jozi, na zote zilinaswa topeni kiasi kwamba mguu ulitoka na gambuti ikabaki. Tangu hapo tunavaa raba za zamani zilizofungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mguu. Zinakinga dhidi ya maganda ya chaza, ambayo hukata kama wembe, wala hazing'ang'anii topeni.

Nilikuwa nimekuja na buibui, kwa sababu ndilo vazi langu la kutokea. Kufikia mstari wa pili wa miche pindo lilikuwa limelowa na kubeba tope, na kila hatua ilinivuta nyuma. Msichana mmoja wa Kitaita, ambaye hata jina langu alikuwa hajalijua, alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akanikunjia buibui hadi chini ya magoti juu ya suruali niliyovaa ndani, akaikaza kwa leso ile na kurudi kwenye mstari wake bila kusema neno. Niliweza kupanda hadi mwisho. Leso ile niliifua nikamrudishia, na huo ndio ukawa mwanzo wa mazungumzo yetu.

18 Novemba 2023: Ratiba iliyotushinda

Kikundi kilikuwa kimeamua kukutana kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Leo tulifika na kukuta maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya michu, aina ya mikoko inayoota juu karibu na nchi kavu, miche yote imefunikwa, na hakuna pa kukanyaga. Tulikaa ufukoni mpaka jua likawa kali, kisha tukatawanyika. Wanachama kadhaa waliolipa nauli kutoka Changamwe walisema wazi kwamba hawatarudi ikiwa mambo yatakuwa hivi.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza ngalawa yake alituambia kwamba bahari haifuati Jumamosi. Maji hupwa sana wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Katika bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hufikia karibu mita 4, na kupwa kwake huwa kati ya saa nne na saa sita mchana. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: asubuhi maji huwa juu, na hupwa kidogo tu jioni. Tulikuwa tumechagua siku ambayo mwezi ulikuwa ukielekea robo yake ya kwanza.

Katibu aliuliza nani anaweza kutuwekea hesabu ya mwezi. Si kila mmoja ana bando la kufungulia jedwali la maji kwenye simu. Mimi nina kalenda ya Kiislamu ya msikitini iliyotundikwa ukutani kwa shangazi, na tangu madrasa nimezoea kujua tarehe ya mwezi mwandamo. Nilieleza kwamba tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ndizo siku za bamvua, na mzee akathibitisha kwamba wavuvi nao huhesabu hivyo hivyo, kisha akaongeza kwamba kila siku maji huchelewa kwa muda unaokaribia saa nzima. Nilikabidhiwa ratiba papo hapo. Nataka niseme jinsi jambo hilo lilivyonigusa: kitu nilichokuwa nacho kwa sababu ya dini yangu kilihitajiwa na watu wote waliokuwapo, wengi wao wakiwa Wakristo, na hakuna aliyekichukulia kuwa kigeni.

13 Januari 2024: Bamvua ya Rajabu, banda na nguo

Hii ilikuwa Jumamosi iliyoangukia bamvua ya mwezi mchanga, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na muda wa kutosha topeni. Matokeo ya Novemba yalisikitisha. Miche tuliyoipanda chini kabisa, mahali palipo wazi na tope laini, karibu yote ilikuwa imekufa. Mingine ilikuwa imeng'olewa na mawimbi, na mingine imeelemewa na viumbe vidogo vyenye magamba makali vinavyonata kwenye shina. Iliyopandwa juu zaidi ilikuwa hai. Mzee mvuvi alituonyesha dawa yake: tutafute visiki vya zamani, kwa kuwa penye kisiki mkoko uliwahi kuishi, na pasipo na kisiki huenda haukuwahi kuishi kabisa. Kila mahali pana mti wake. Mlilana hukaa mbele kuelekea bahari kuu, mkoko wenyewe hufuata, mkandaa hukaa nyuma, na mchu hustahimili chumvi nyingi ya nchi kavu. Anayeiga kazi hii aanze na visiki kabla hajanunua mche hata mmoja.

Shughuli ya pili ilikuwa ya mavazi na swala. Wasichana tulikuwa tunaondoka mapema kwa sababu hapakuwa na mahali pa kubadilisha nguo, na ndugu wawili Waislamu walikuwa wakitoroka kimya kimya kwenda msikitini wakiwa wamelowa tope. Nilikwenda kwa maalim wa madrasa iliyo jirani kumuuliza. Alinieleza kwamba tope lenyewe si najisi, lakini kwa kuwa hori hii hupokea maji taka ya mitaa, ni lazima nioshe miguu na mikono na kubadilisha nguo kabla ya kuswali, kisha akaniombea dua na kusema kwamba mti unaowafaa watu na samaki ni sadaka yenye kuendelea.

Kikundi kilijenga banda dogo juu ya mstari wa maji. Nguzo ni za mvinje, kwa sababu isingefaa tutumie boriti za mikoko. Paa ni la makuti na kuta ni za magunia, na gharama yote ilikuwa shilingi 2,400. Kila siku ya kazi tunanunua mitungi mitatu ya maji baridi kutoka kwa mwenye mkokoteni kwa shilingi 30 kila mtungi: mmoja wa kunywa, miwili ya kunawia na kutawadhia. Fundi wa mtaani alinishonea suruali pana na gauni la kitambaa chepesi linaloishia magotini, kwa shilingi 900. Wiki zilizofuata wasichana wengine, wasio Waislamu, walimpelekea vitambaa awashonee mavazi ya namna hiyo hiyo, kwa kuwa yanazuia jua na mbu. Adhuhuri ya leo niliswali ndani ya banda juu ya mkeka ambao yule rafiki yangu wa Kitaita aliuleta kutoka kwao, na wavulana wakaswali nje kivulini.

25 Februari 2024: Chakula, kaa na posho

Mwezi ulikuwa mpevu jana, kwa hiyo bamvua imeangukia Jumapili. Tulikubaliana kwamba wanaokwenda kanisani wahudhurie ibada ya kwanza, na sisi wengine tutangulie kubeba miche, ili wote tuwe topeni saa nne. Mpango huo ulifaulu tangu siku ya kwanza, na nadhani ulifaulu kwa sababu kila upande ulikuwa umeshaona upande wa pili ukisubiriwa.

Chakula kilichukua muda zaidi. Desturi ya kikundi ilikuwa kununua mutura kwa muuzaji wa njiani, nayo ni chakula ambacho Mwislamu hali kwa sababu ya damu. Nilikuwa nikisema sina njaa na kukaa kando na chupa yangu ya maji. Sikuwa nimelalamika. Katibu, ambaye mwenyewe anatoka Murang'a na anaipenda mutura, aliniona, akauliza, akaelewa, na mkutano uliofuata akapendekeza mbaazi za nazi na mahamri kwa wote. Hesabu ilionyesha kwamba gharama ilipungua kwa karibu theluthi moja. Sasa tunakula sinia moja, na saa ya kula imekuwa ndefu kuliko zamani, kwani hapo ndipo mipango mingi hufanyika.

Upande wa mbegu, tulijaribu kupanda mbegu ndefu za mkoko moja kwa moja kwenye tope, theluthi moja ya mbegu ikiingia ardhini na nafasi ya mita moja kati ya mbegu na mbegu. Kaa walikata nyingi usiku ule ule. Tulichojifunza ni kuokota mbegu zilizokomaa tu, zile zilizotoa pete ya manjano karibu na kikonyo, na kuzianika kivulini kwa siku kadhaa kabla ya kuzipanda, ili zisiwavutie kaa kama zinapokuwa mbichi. Nyingine tunazikuza kwanza kitaluni katika pakiti za maziwa zilizokwisha kutumika, tunazoziosha na kuzitoboa chini. Pakiti hizo tunaziomba kwenye vibanda vya chai, na mpaka leo hatujalipia hata moja.

Naandika pia kwamba baadhi ya wenzetu wameondoka. Walikuwa wamesikia habari za Gazi kule Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013 na unauza kaboni, yaani unalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, kwa faida ya kijiji, wakatarajia posho. Eneo letu ni dogo na hatuna mkataba wa aina hiyo. Ni vyema kikundi kiseme wazi mwanzoni kwamba hakuna malipo, maana kuchelewa kusema kulituletea uchungu ambao ungeepukika.

23 Machi 2024: Ramadhani na Kwaresima

Leo ni tarehe 12 Ramadhani. Bamvua ya mwezi mpevu itakuwa katikati ya juma, na kuingia topeni juani ukiwa na swaumu si jambo tuliloona linafaa, kwa hiyo upandaji umesimama mwezi huu. Wenzetu Wakatoliki nao wamo katika Kwaresima. Tulibaki na kitalu tu: kumwagilia baada ya alasiri, kuondoa majani yaliyoliwa na wadudu, na kujaza tope kwenye pakiti zilizopungua.

Ilibidi jambo la nyumbani litatuliwe pia. Shangazi alikuwa akiniruhusu kwa shingo upande, na kila siku ya kazi alinituma na binamu yangu mdogo ili nisiwe peke yangu miongoni mwa watu asiowajua. Sikumlaumu, kwa kuwa amepewa amana na wazazi wangu. Nilipomwambia kwamba kikundi kingependa kufuturu pamoja, alisema waje kwake. Kila mtu alileta alichoweza: tende, viazi karai, sambusa, tikiti maji; shangazi akapika uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi. Rafiki yangu wa Kitaita alifika mapema na kukaa jikoni akichota kaimati kutoka kwenye mafuta, na alikataa kuonja hata kipande mpaka adhana ilipolia, ingawa hakuna aliyemzuia. Shangazi alimuuliza juu ya mama yake, shamba lao na shule aliyosoma, kwa namna anavyowauliza mabinti wa ndugu zake. Walipoaga alimfungia kaimati zilizobaki na kumwita mwanangu. Tangu jioni hiyo binamu yangu hanisindikizi tena, na rafiki yangu ndiye anayenipitia nyumbani.

Futari hii haikuugharimu mfuko wa kikundi hata senti moja. Kwa vikundi vyenye mchanganyiko wa dini kama chetu, ningeshauri wazazi na walezi waalikwe mapema zaidi ya tulivyofanya sisi, kwa kuwa msichana ambaye mlezi wake ana wasiwasi hatadumu kikundini hata kama yeye mwenyewe anapenda.

10 Mei 2024: Mafuriko na Ijumaa

Masika ya mwaka huu yamekuwa makubwa nchini kote, na serikali imeitangaza Ijumaa hii kuwa siku ya kuwakumbuka waliopoteza maisha kwa mafuriko na ya kupanda miti. Huku kwetu mito ya Kombeni na Tsalu ilishusha tope na taka ndani ya hori. Chupa, viatu na matambara vilikuwa vimejisokota kwenye miche, na mingine ililazwa kabisa chini ya tope jipya.

Kabla ya mvua tulikuwa tumezungusha wavu wa zamani wa kuvulia ili taka zisipite. Wavu ulizikusanya, ukaelemewa, ukaanguka juu ya miche na kuua mingi kuliko ambayo taka zenyewe zingeua. Pia kaa na samaki wadogo walinaswa humo. Tuliuondoa wote kwa visu. Badala yake, kundi la watu wanne husafisha eneo baada ya kila bamvua, na miche haitolewi kitaluni mpaka iwe na majani sita au zaidi. Gharama ya wavu na vigingi, shilingi 1,800, imepotea.

Siku yenyewe ilikuwa na mgongano: maji yalipwa karibu saa tano na nusu, na muda wa Ijumaa ulikuwa unakaribia. Tulianza saa tatu na nusu kwenye sehemu ya juu ya mikandaa, tukiyafuata maji yanavyoshuka, na ilipofika saa sita kasorobo Waislamu tulitoka kunawa. Waliobaki walimalizia mistari ya chini. Tuliporudi tulikuta wametusubiri kwa chakula, sinia halijafunuliwa.

7 Julai 2024: Niliyoyakuta niliporudi

Bibi yangu alifariki Mumias baada ya Idd ya mwezi wa sita, innalillahi wainna ilayhi rajiun. Mfuko wa kikundi hauruhusu matumizi ya binafsi, kwa hiyo wenzangu walichanga kando nauli yangu na ya shangazi, na ilipofanywa hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, huku Mikindani waliofika walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Wasichana wa Kikristo walijitanda leso na kukaa mikekani pamoja na akina mama. Niliyekuwa naogopa kuwa mgeni Mombasa nilisimuliwa na shangazi kwamba majirani walimuuliza hao wote ni jamaa wa upande gani.

Daftari la ratiba nilimwachia rafiki yangu wa Kitaita. Nimelikuta limejazwa vizuri. Kazi ya Jumamosi 22 Juni ameiandika kwa mkono wake: "Dhulhija 15, mwezi mpevu, maji yamepwa sana, mikandaa imeshika." Alikuwa ameinakili kalenda ya msikiti mwenyewe hadi mwisho wa mwaka na kuibandika bandani.

Hali ya mradi kwa sasa ni kwamba sehemu ya juu imesimama vizuri na haihitaji kujaziliziwa, sehemu ya kati itapandwa upya kando ya visiki, na sehemu ya chini tumeiacha. Mfukoni zimebaki shilingi 3,150, ambazo zinatosha makuti mapya ya banda na maji ya kutawadhia hadi Septemba. Wasichana wawili wapya wamejiunga, mmoja wao amehamia juzi kutoka Garissa, na fundi ameshachukua vipimo vyao. Bamvua ijayo ya mwezi mpevu ni Jumapili 21 Julai. Wasioenda kanisani tukutane kitaluni saa mbili na nusu, tuhesabu pakiti na kuzipanga karibu na njia ya kushukia, na wanaotoka ibada ya kwanza watukute ufukoni saa nne.